Sakafu ya mbao inalia: namna ya kuitibu kutoka chini

Aliyekulia kwenye sakafu ya saruji huijua kero hii akihamia Marekani au Kanada: usiku wa manane anaelekea msalani, na kila hatua sakafu inalia kwii, kwii, mpaka nyumba nzima inaamka. Nyumba nyingi za huko ni za mbao juu ya msingi wa zege, na chini ya sebule kuna besimenti (chumba cha chini ya nyumba) au uvungu wa kutambaa. Kama dari la besimenti liko wazi una bahati, maana chanzo cha kelele unaweza kukiona kwa macho na kukishika kwa mkono bila kung'oa zulia wala kutoboa sakafu ya juu.

Ukisimama chini na kutazama juu utaona boriti, yaani mbao zilizosimamishwa kwa ubavu, unene wake milimita 38 na kimo milimita 184 au 235. Dukani zinaitwa "2x8" na "2x10". Kwa kawaida kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni inchi 16, sentimita 40 hivi. Juu yake imelazwa bodi ya msingi: plaiwudi, au bodi ya vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi, unene milimita 18 au 19. Nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1950 mara nyingi hazina bodi, zina mbao nyembamba zilizopigiliwa kimshazari. Juu kabisa ndipo ilipo sakafu unayoikanyaga: mwaloni, zulia, vigae au lamineti.

Mbao iliyotulia hainung'uniki. Kelele hutoka pale vitu viwili vinaposuguana: bodi na boriti, bodi na msumari uliolegea, ubao na ubao mwenzake. Kwa hiyo kazi ni moja tu, kuzuia mwendo huo bila kuinua sakafu. Wengi hushindwa kwa sababu ya pupa: wanapigilia kabari mpaka sakafu ya juu inafanya kinundu, na wiki ya pili kelele inaibuka sentimita 30 pembeni.

Kwanza ipate sehemu yenyewe

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja abaki juu, mwingine ashuke chini na tochi, na simu ziwe wazi kati yao. Wa juu akanyage polepole, kisigino kisha vidole, akirudia palepale bila kuhama. Awe mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano hana uzito wa kuiamsha sakafu. Wa chini aweke ncha za vidole kwenye kona ambapo bodi inakutana na boriti. Mwendo wa nusu milimita, ambao jicho haliuoni, kidole kinauhisi. Weka alama ya chaki. Kisha pitisha kipande cha karatasi ngumu kwenye kona hiyo: kikiingia, mwanya upo, na urefu wake utaujua pale karatasi itakapogoma.

Usiridhike na alama moja. Sauti husafiri ndani ya boriti na kudanganya masikio, kwa hiyo kagua pia boriti ya kushoto na ya kulia.

Kabla ya kutoboa chochote, angalia yafuatayo. Ukilikuta mojawapo, acha kazi:

- Mabomba ya plastiki ya maji ya moto yaliyobanwa chini ya bodi. Huo ni mfumo wa kupasha sakafu joto, na tundu moja ni mafuriko. Mwite fundi wa mfumo huo.
- Nyaya za umeme za zamani zilizotengana, kila mmoja ukipita kwenye vikombe vya kauri. Usiziguse, mwite fundi umeme mwenye leseni.
- Nyumba ya kabla ya 1980 yenye mabomba yaliyofungwa kitu cheupe au kijivu kama plasta au kitambaa. Huenda ni asbesto. Usikikwaruze wala kukifagia mpaka kipimwe na watu wa kazi hiyo.
- Mbao laini, nyeusi au yenye njia za udongo za mchwa. Ichome kwa bisibisi: ikizama kirahisi kama kwenye ndizi mbivu, tatizo lako si kelele.

Vaa miwani na barakoa, maana vumbi lote litakuangukia usoni.

"Inalia mahali pamoja tu, nikikanyaga na nikiondoa mguu"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na lina sababu tatu kwa mpangilio huu.

*Mwanya kati ya boriti na bodi.* Boriti ilipigiliwa ikiwa na unyevu, ikakauka, ikasinyaa. Bodi ikabaki inaning'inia kwenye misumari. Mwanya wa milimita 1 hadi 3 unazibwa kwa kabari nyembamba za mbao, zile zinazouzwa kwa pakiti kwa ajili ya kunyoosha fremu za milango. Paka gundi ya mbao pande zote mbili, isukume kabari kwa mkono mpaka igome, kisha igonge kidogo kwa nyundo, mara moja au mbili basi. Mtu wa juu asiwe amesimama hapo wakati unaingiza. Ukimaliza, akanyage. Kama bado inalia, ongeza kabari ya pili sentimita 10 pembeni, si kuipiga zaidi ile ya kwanza. Gundi ikikauka, kata mkia unaotokeza.

Kabari bila gundi ni kazi ya mwezi mmoja. Mtetemo wa miguu utaitoa taratibu mpaka uikute sakafuni.

*Msumari uliokosa boriti.* Mulika ubavuni mwa boriti juu kabisa. Ukiona msumari umeshuka kutoka kwenye bodi na kulala ukigusa ubao, huo ndio mwimbaji wako: bodi ikishuka, chuma kinajisugua kwenye mbao. Watu huuona mara mia wakidhani ni wa kawaida. Ukate kwa msumeno wa chuma karibu na bodi, au uukunje kwa koleo usiguse boriti. Usiugonge kwenda juu hata kidogo, kichwa chake kitatokea sebuleni. Ukishaukata, jua kwamba bodi imepungukiwa na mshiko hapo, ambao hata hivyo haukuwa unashika kitu; ongeza gundi au kibano cha chuma kama ilivyoelezwa hapa chini.

*Msumari uliolegea ndani ya boriti.* Huu huuoni. Utaujua kwa sababu mwanya haupo au ni mdogo kama unywele, lakini kidole kinahisi bodi ikipanda na kushuka. Hapa kabari haifai, bodi inatakiwa kuvutwa ishuke. Tumia kibano cha chuma cha pembe (bati la umbo la L). Kifunge kwenye ubavu wa boriti kwa skrubu mbili, kikiwa milimita 2 chini ya bodi. Mwambie wa juu asimame hapo, kisha funga skrubu za milimita 16 kupanda kwenye bodi. Zinavyokaza, zinavuta bodi mpaka ikae juu ya boriti. Skrubu za milimita 16 kwenye bodi ya milimita 19 hazitatokea upande wa pili, ila bodi ikiwa nyembamba kuliko ulivyodhani zitatokea. Pima kwanza, namna ya kupima iko mbele.

"Inalia mstari mrefu, karibu urefu wa chumba"

Kama kelele inafuata boriti moja, boriti hiyo imepinda au iko chini kidogo kuliko wenzake, na mwanya wake unaweza kufika mita nzima. Kabari 20 mfululizo si dawa. Kuna njia mbili.

Mwanya ukiwa chini ya milimita 3, sindika gundi ya ujenzi ndani yake, pande zote mbili za boriti. Futa vumbi kwa brashi kwanza, kwani gundi haishiki vumbi. Kata ncha ya mrija upate utepe wa milimita 6, usukume uingie ndani ya kona, kisha upitishe kidole chenye glavu kuukandamiza. Mrija wa mililita 300 unatoka kama mita 10 za utepe wa unene huo, yaani boriti moja ya mita 4 pande zote mbili na kubaki kidogo. Msitembee juu yake kwa saa 24. Chagua gundi isiyo na viyeyushi vikali: mvuke wa viyeyushi huwaka moto, na kwenye besimenti nyingi ndimo ilimo mashine ya maji moto yenye mwali wa gesi.

Mwanya ukizidi hapo, tumia ubao wa msaada. Chukua "2x4" (milimita 38 kwa 89) iliyonyooka na kukauka, urefu sentimita 60 hadi 90 kupita eneo linalolia. Paka gundi ubavuni na kwenye ukingo wa juu. Ukandamize juu mpaka uguse bodi sawasawa bila kuisukuma, halafu ufunge kwenye boriti kwa skrubu za milimita 64 kila baada ya sentimita 20, ukizipanga juu-chini, juu-chini. Skrubu za milimita 75 zina hatari ya kutokeza upande wa pili wa boriti. Hazitaharibu nyumba, ila zitakuchana kichwa siku moja.

Kama boriti zako zina umbo la herufi I, na katikati ni bodi nyembamba, ubao wa msaada hautapata pa kukaa. Baki na gundi. Na kwa boriti hizo kuna mwiko: usikate wala kuchonga ukingo wa juu au wa chini, hata kwa kina cha kucha. Nguvu yake yote iko humo.

Mstari wa kelele ukikatiza boriti badala ya kuzifuata, huo ni muungano wa bodi mbili. Kata kipande cha ubao cha sentimita 37 (inchi 14½, ambayo ni 16 toa unene wa boriti), kipake gundi juu, kikae chini ya muungano kati ya boriti mbili, kifungwe ncha zote mbili kwa skrubu. Pima kila nafasi peke yake kabla ya kukata. Mafundi waliojenga hawakuwa na haraka sawa kila siku.

"Chini hakuna kinachosogea, kelele iko juu"

Hapa bodi imekaa vizuri, ila mbao za mwaloni zimeachana nayo. Dawa ni skrubu fupi kutoka chini, na ndipo penye ajali nyingi.

Lazima ujue unene wa kila tabaka. Njia rahisi: nyanyua kifuniko cha tundu la hewa ya joto lililo sakafuni chumba cha juu. Ukingo wa tundu utakuonyesha tabaka zote kama keki iliyokatwa, upime kwa rula. Bodi ya milimita 19 na mwaloni wa milimita 19 ni jumla 38. Skrubu ya milimita 32 itaacha akiba ya milimita 6. Lakini mwaloni wa zamani ukishapigwa msasa mara kadhaa unaweza kubaki milimita 15. Hapo jumla ni 34 na skrubu hiyo inaacha milimita 2 tu. Shuka hadi milimita 25.

Toboa tundu la milimita 5 kwenye bodi pekee, liwe pana kiasi kwamba meno ya skrubu hayashiki bodi. Hili ndilo linalosahaulika: skrubu ikishika tabaka zote mbili, zinabaki mbalimbali vilevile na mwanya katikati. Kisha toboa tundu jembamba la milimita 3 ndani ya mwaloni. Funga utepe kwenye ncha ya drili kuonyesha kina cha mwisho, na uache milimita 2 pungufu ya urefu wa skrubu. Weka washa, yaani kisahani cha chuma chenye tundu, chini ya kichwa cha skrubu. Wa juu asimame pale, wewe kaza kwa mkono mwishoni, si kwa drili. Ukisikia "krr" ya mbao ikikatika, umepitiliza.

Usifanye hivi chini ya vigae, wala chini ya lamineti au mbao za kubana zisizopigiliwa. Lamineti na mbao hizo za kubana zinaelea, yaani hazikufungwa kwenye bodi. Zikifungwa mahali pamoja zitavimba na kubenuka kwingine. Zinapolia, sababu ni sakafu ya chini isiyo sawa, au kukosa nafasi ya milimita 10 hivi kando ya kuta, na hayo hayatibiki kutoka besimenti.

"Ni mlio wa chuma: tinki, tak, au bati kuita"

Usishike boriti kwanza. Sikiliza ni wakati gani. Ikilia dakika chache baada ya joto kuwaka, bila mtu kutembea, ni bomba la shaba linalorefuka ndani ya kishikio kilichobana, au njia ya bati ya hewa inayotanuka. Legeza kishikio, au weka kipande cha plastiki laini kati ya bomba na mbao. Bati linalogusa boriti likunje kidogo au litenge kwa kipande cha zulia.

Ikilia mtu anapotembea, tazama misalaba ya mbao au chuma iliyowekwa kati ya boriti. Pale miguu miwili ya X inapopishana, au ncha yake iliyolegea, ndipo pa kusugua. Itenganishe katikati kwa milimita chache na kaza ncha kwa skrubu badala ya msumari. Mwisho angalia vikombe vya chuma vinavyobeba ncha za boriti: kila tundu la msumari lililo wazi ni msumari uliosahauliwa. Jaza kwa misumari mifupi minene iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Skrubu nyeusi za jipsamu hazifai, zinakatika kama biskuti.

"Inalia majira ya baridi tu"

Hewa ya baridi ikipashwa joto inakauka sana, mbao zinasinyaa, mianya inafunguka. Kufika Julai kimya. Nunua kipimo cha unyevu wa hewa. Ndani ya nyumba kikae kati ya asilimia 35 na 55. Januari ikisoma 20, mashine ya kuongeza unyevu itafanya kazi kuliko skrubu 50. Kwa tatizo la namna hii, usijaze mianya kwa nguvu wakati wa baridi. Ukiibana mwezi wa Januari, mbao zitakapovimba kiangazi zitakosa pa kwenda na sakafu itainuka.

Uvungu wenye udongo wazi una kasoro ya kinyume: unyevu unapanda mwaka mzima. Tandika nailoni nzito (milimita 0.15) juu ya udongo wote, vipande vipishane sentimita 30. Ukipima unyevu wa boriti na ukapata zaidi ya asilimia 20, kuoza kuko njiani, na maji yanatoka mahali fulani.

"Sakafu inayumba, vyombo vinagongana kabatini"

Hii haitibiwi kwa kabari. Funga uzi uliokazwa ubavuni mwa boriti kutoka ncha hadi ncha, pima katikati imezama kiasi gani. Halafu tafuta boriti iliyokatwa na fundi bomba aliyetaka kupitisha choo: kanuni za ujenzi za Marekani haziruhusu kuchonga ukingo wa boriti kwenye theluthi ya katikati ya urefu wake, na tundu lisizidi theluthi ya kimo wala kukaribia ukingo kwa chini ya sentimita 5. Boriti iliyovunjwa kanuni hiyo, yenye ufa wa kimshazari, au iliyozama, inahitaji boriti pacha au mhimili mpya.

Simama hapo, mwite mhandisi wa majengo, hasa ukiona pia milango ya juu imeanza kugoma au nyufa kwenye pembe za madirisha. Usiinue sakafu kwa jeki ya gari. Sakafu iliyozama kwa miaka 30 inainuliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ikiinuliwa kwa mchana mmoja, plasta inapasuka na mabomba yanang'oka. Kazi ya kubadili mihimili mara nyingi hutaka pia kibali cha manispaa.

Ngazi, na dari lililofungwa

Ngazi inayolia, ukiweza kuingia chini yake, ni rahisi kuliko sakafu: kabari zenye gundi kwenye mwanya kati ya ubao wa kukanyaga na ule wa wima, na kipande cha ubao cha pembe tatu kwenye kona, viwili kwa kila daraja.

Dari la besimenti likiwa na jipsamu, usilibomoe kwa ajili ya sauti moja. Tafuta boriti kutoka juu kwa sumaku na utumie skrubu maalumu zinazokatika chini ya zulia. Na kama wewe ni mpangaji, au chini yako ni nyumba ya jirani, dari hilo si lako: peleka taarifa kwa mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na video yenye sauti.

"Nilitengeneza, imerudi"

Kagua kwa mpangilio huu: kabari iliyochomoka kwa kukosa gundi, gundi iliyowekwa juu ya vumbi, ambayo inabanduka kama ngozi ukiivuta, skrubu iliyoshika tabaka zote mbili bila kuzivuta pamoja, kabari iliyopigwa kupita kiasi ikafungua mwanya kwa jirani. Ya mwisho inajulikana kwa rula ndefu iliyolazwa kwenye sakafu ya juu: ikicheza kama pembea, kuna kinundu. Itoe kabari hiyo kwa patasi, iache sakafu ishuke usiku kucha mtu asipite, na kesho uanze upya na kabari nyembamba zaidi.